Kandida, hiyo ahadi yako tutaishika na mukono gani?

Tangu uchaguzi wa 2023 mpaka leo, hapa kwetu Kongo, mu Lubumbashi, bantu benye banataka inchi ibadilike banabishana bo kwa bo kuliko vile banabishanaka na bale benye banapenda bintu bibakie vile biko. Unasikia ile mabishano ku komini ya Kenya, ku komini ya Katuba, ku Kasapa kwa banafunzi ba iniversite, mu grupe za WhatsApp za famii. Upande moya banasema tubomoe yote: katiba mupya, bantu bapya, mikataba yote ya mine ipasuliwe, kila mutu mwenye alikula feza ya Leta (serikali) afungwe. Upande ingine banasema hapana, tuende kidogo kidogo, artikle moya leo, kodi moya kesho, juu inchi hii ni kubwa na ikianguka inaangukia bantu badogo. Kiisha bale ba kwanza banaita bale ba pili bauzaji, na bale ba pili banaita bale ba kwanza batoto.

Mi ni mwalimu wa primeri, sina chama, na hii mabishano inaniumiza juu beko bantu bale bale. Bote banataka maji ya robine, banataka umeme, banataka mukuba (shaba) ya Katanga ionekane ku barabara ya Katanga. Nataka kusema wazi fasi yenye niko nasimama, ili mutu asingoje mpaka chini. Mi sichagulake kandida juu ahadi yake ni kubwa ao ni ndogo. Nauliza kama siku ile ameingia, mi mwenye niko hapa Katuba nitakuwa na kintu gani mu mukono ya kumwambia "hii haukufanya". Namba, tarehe, artikle, konti ya banki. Kama hakuna, ata aongee mapinduzi ata aongee reforme, mi sioni tofauti.

Mudogo wangu iko ku iniversite, na ye iko kabisa upande wa kubomoa, na nitaanza na ukweli wake juu bantu ba myaka yangu hatuusikilizake. Anasema: yaya, hesabu wewe mwenyewe. Mobutu alitangaza byama bingi tarehe 24 Aprili 1990. Kiisha tukapata Konferansi ya kitaifa, 1991 mpaka 1992, bantu bakakaa, bakaongea, bakaandika. Kiisha mazungumuzo ya Sun City, kule Afrika ya Kusini, na mu 2003 tukapata prezida moya na makamu bane, kila mutu na kiti yake. Kiisha makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016 mbele ya baaskofu, tena biti. Kila mara banatuambia mungoje, hii ni hatua. Hatua ya kuenda wapi? Katiba ya 2006 iliandika ku artikle 175 kama 40% ya mapato ya kitaifa yenye inatoka mu provensi inabakia mu provensi, inakatwa pale pale mbele feza iende Kinshasa. Haijafanyika vile iliandikwa. Mu 2015 bakaikata Katanga mu provensi ine, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na ile 40% ikabakia ku karatasi.

Hapo sina jibu ya kumushinda. Mutu mwenye alizaliwa kiisha 2000 amesikia neno "hatua" maisha yake yote, na hasira yake iko na sababu. Tena naona aibu kwa bakubwa benye banamuambia "utakomaa", juu ile haina jibu, ile ni kumufunga kinywa.

Lakini mi pia niko na hesabu yangu, na hesabu yangu inatoka hapa hapa Katanga, juu sijui fasi ingine mu inchi hii yenye ilionja mabadiliko ya nguvu kupita hapa kwetu. Mwanzo wa 1967 Leta ilikamata Union Minière yote, ile kampani ya Ubeljiji yenye ilikuwa inatosha mukuba. Ilikuwa haki, na bazee banaelezaka mpaka leo vile bantu balifurahi. Lakini kazi ya kuuza mukuba na kuongoza mambo ya tekiniki ikarudi kwa mukataba ku mikono ya Société Générale des Minerais, kampani ya kundi ya Société Générale ya Ubeljiji, bale bale ba mbele, juu hakukuwa bantu ba kutosha benye balitayarishwa. Kiisha Gécamines, kampani ya Leta yenye ilikamata fasi ya Union Minière, ikafika ku uzalishaji wa juu ya tani 400,000 za mukuba kwa mwaka mu myaka ya 1980, na Leta ikawa inatosha feza mule bila kurudisha ya kutengeneza mashini na mine zenyewe, mpaka 1990 mine ya Kamoto ikabomoka, na myaka michache kiisha pale uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Kampani ilikuwa ya bana-inchi bote, na hakuna mwana-inchi ata moya mwenye aliweza kuomba aone hesabu.

1973 njo inaniuma zaidi. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza zairianizasio. Maduka, mashamba, magari ya biashara ya bageni, bya Bagiriki, bya Bareno na bengine, bikapewa Bazairwa. Soma ile ku karatasi: mali ya inchi kwa bana ba inchi! Mudogo wangu angevota ndiyo, na mi pia, sidanganye. Nani alipata? Bakubwa ba chama, basoldati bakubwa, famii zao. Balikula stoki yenye ilikuwa mu duka na hawakununua ingine, rafu zikabakia tupu, bei ikapanda, bakazi bakafukuzwa, na mu 1976 Leta yenyewe ikaanza kurudishia benye maduka mali yao. Uliza bazee ba Kamalondo benye balikuwa bakomi ku maduka ile wakati, bataonyesha ata nyumba yenye duka ilikuwa. Shida haikukuwa ukubwa wa mabadiliko. Shida ni kama hakuna mutu wa Katuba ao wa Kamalondo mwenye aliweza kusimama mbele ya ofisi aulize: hii duka mulimupa nani, kwa masharti gani, na asipoyafuata inarudi wapi.

Na kuko 1992. Bantu ba Lubumbashi hatupendi kuiongea mbele ya batoto lakini mi naona batoto bajue. Konferansi ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasaï, kuwa waziri mukuu mu Agosti, na hapa kwetu maneno makubwa, ya kusema Katanga ijikomboe sasa, yakatoka mu binywa bya bakubwa yakaangukia majirani. Bantu ba Kasaï, bengi balizaliwa hapa, baba yao alizaliwa hapa, balifukuzwa ku nyumba zao Likasi, Kolwezi, bakalala ku gare bakingoja treni mawiki na miezi, na batoto bakafia pale. Ile nayo iliuzwa kwa bijana kama ukombozi. Kwa hiyo mutu akiniambia "tuanze upya kabisa, tusafishe", mi naulizaka mbele ya yote: usafishe nani? Na nangoja jibu.

Sasa ngoja niongee kode ya mine, ile sheria ya madini, juu hapa njo fasi yenye pande zote mbili hazipendi kuangalia muzuri. Kode ya 2002 ilisema redevansi, ile feza kampani inalipa juu ya kutosha madini mu udongo, igawanywe 60% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provensi, na 15% kwa muji ao teritware yenye mine iko mu udongo yake. Lakini feza yote ilikuwa inapita Kinshasa, kiisha Kinshasa njo irudishe, na mutu yote wa huku anajua yenye ilikuwa inafanyika: ile 15% ilikuwa haifiki, ao inafika kidogo na inachelewa. Unaenda kumuuliza mukubwa wa muji ao wa teritware, anakuambia Kinshasa haijatuma, na labda anasema ukweli na labda anadanganya, wewe hauna namna ya kujua.

Kode mupya ilisainiwa tarehe 9 Machi 2018. Redevansi ya mukuba na kobalti ikatoka 2% ikafika 3.5%, na madini yenye Leta inaita ya stratejiki ikawa 10%, na mwisho wa mwaka ule ule kobalti ikaingizwa mule. Mugawanyo ukawa 50% serikali, 25% provensi, 15% komini na sheferi (udongo ya sultani), 10% mufuko wa bizazi bitakuya. Bantu bote bakaongea juu ya ile 10% ya kobalti. Mi naona kintu kikubwa kilikuwa fasi ingine, mu mustari yenye hakuna mutu aliimba: ile 15%, yenye ilikuwa 15% tangu 2002, sasa kampani inailipa moya kwa moya ku konti ya komini. Haipite Kinshasa. Basi. Asilimia ni ile ile, njia njo ilibadilika, na ile njia inamaanisha kama leo mukubwa wa komini hawezi tena kusema "Kinshasa haijatuma". Kuko pia ile 0.3%, angalau, ya mauzo ya kampani kila mwaka, yenye inapaswa kuenda ku maendeleo ya bantu benye banakaa karibu na mine, na bale bantu benyewe banakaa mu kamati yenye inaamua.

Sasa uniambie hii ilikuwa kidogo kidogo ao ilikuwa ya nguvu? Ilianza kujadiliwa 2012, mradi ukafika ku Bunge 2015, ukarudishwa nyuma 2016 juu bei ya mukuba ilianguka na kampani zililia, ukarudi tena 2017. Myaka sita, ni mwendo wa kobe kabisa. Lakini siku mbili mbele ya saini bakubwa ba makampani makubwa ya mine ya dunia balipanda ndege bote bakaenda Kinshasa kukaa na Joseph Kabila, prezida wa wakati ule, wakimuomba alegeze, na akasaini bila kulegeza. Ile ilikuwa ngumu na ilikuwa ya nguvu. Sina mapenzi na utawala ule, balituongezea myaka mbili bila uchaguzi na bantu balikufa mu Desemba 2016, ata hapa Lubumbashi balikufa, lakini sheria hii iko na njo tunayo mu mukono.

Mudogo wangu anarudi: na feza ya komini iko wapi yaya, barabara iko wapi? Ananishika pale, ni kweli, kuko fasi balijenga masomo na bituo bya afya, na kuko fasi feza iliisha ku mamisio na magari ya bakubwa. Lakini tofauti ni kama sasa tunajua mulango wa kugonga. Mbele mwizi alikuwa Kinshasa, kilometre zaidi ya elfu moya, mu ofisi yenye hatujui. Leo iko ku komini, unamuona ku misa.

Na bantu ba kubomoa, mi nabapenda zaidi pale banashikilia kintu moya kidogo na mikono yote mbili. Januari 2015: Bunge ilitaka kuweka mu sheria ya uchaguzi kama lazima kwanza kuhesabu bantu ba inchi yote, na kila mutu alielewa kama ile ni ya kumupitisha Kabila kiisha 2016, mwaka wenye mandati yake ilipaswa kuisha. Tarehe 19 bijana bakatoka mu barabara Kinshasa, kiisha Goma, Bukavu, bengine bakapigwa risasi bakafa, na tarehe 23 Sena ikaitosha ile mustari. Balikuwa na mustari moya ya kukataa, na nyuma yake artikle 220 ya katiba yenye inafunga hesabu na urefu wa mandati ya prezida, njo sababu haikuwezekana kubadanganya na mazungumuzo. Ao angalia LUCHA, kikundi yenye ilianza kule Goma, 2012. Bijana bila kiongozi moya, bila silaha, bantu benye banatafuta inchi yote ibadilike toka juu mpaka chini, na kati ya bintu bya kwanza byenye balidai ilikuwa maji, mu muji yenye iko ku kando ya ziwa Kivu na bantu banatembea na bido. Balifungwa, mu Februari 2016 kuko benye balikamatwa usiku wakitayarisha siku ya vili morte, siku yenye bantu banafunga kazi bote na kubakia ku nyumba, na Luc Nkulula alikufia mu moto ya nyumba yake mu Juni 2018. Hakuna mutu ataniambia kama kudai maji ni woga.

Ku masomo mi niliishi mabadiliko ya mara moya na mwili wangu. Katiba ya 2006, artikle 43, ilisema primeri ya Leta ni bure. Myaka kumi na tatu bantu ba kidogo kidogo balisema bujeti haitoshi, na balikuwa na haki, bujeti haikutosha, na ingekuwa haitoshi ata leo. Septemba 2019 Prezida Félix Tshisekedi akasema inaanza. Hakuna madarasa yalijengwa mbele, hakuna mabanki ya kukalia, prime ya bazazi, ile feza bazazi balikuwa banatulipa, yenye ilikuwa inatufikisha ku mwisho wa mwezi ikaisha ile siku, na benzetu benye banaitwa NU, nouvelles unités, bakaendelea kufundisha bila mushahara wa Leta. Nililia feza. Tuligoma. Batoto balijaa mpaka unafundisha ukisimama pa fasi moya juu hakuna pa kupita. Na naiunga mukono, na nitaiunga mukono kila mara, juu mu darasa yangu balikuya basichana bakubwa benye balikuwa bauza makala ku njia na bakakaa mbele na bakajua kusoma. Kama tungengoja tayari, bale basichana leo ni bamama benye habajui kuandika jina ya mutoto.

Lakini angalia kwa nini ile ilisimama na zairianizasio ilianguka. Muzazi yote, ata mwenye hajasoma, anajua neno moya: primeri ni bure. Diretere akimuomba feza, muzazi iko na jibu, anasimama pale pale mu kiwanja ya masomo na anabisha, na mara mingi anashinda. Ahadi ilimufikia mu mukono. Ile njo naiita mabadiliko ya nguvu.

Sasa tuko fasi ya hatari. Tarehe 23 Oktoba 2024, kule Kisangani, prezida alisema anataka katiba ingine na ataunda komisio. Bantu bengi ba upande wa kubomoa balishikwa, juu "katiba mupya" ilikuwa neno yao, na sasa inatoka juu, ku kiti. UDPS, chama yenyewe ya prezida, njo ilikuwa mu barabara mu Januari 2015 kuilinda! Na bale ba M23 benye balikamata Goma mwisho wa Januari 2025 na Bukavu mu Februari, na bunduki, bo pia banasema banakuya kujenga inchi upya. Ndugu zetu ba kule habakuulizwa kintu. Kwa hiyo neno la kubadilisha yote limekuwa mu binywa bya bantu bote benye nguvu mu inchi hii, na mutu mwenye anapenda mabadiliko ya kweli anapaswa kujiuliza kwa nini inabapendeza vile. Mi kwa katiba mupya nasema hapana. Artikle 175 hatujaifuata ata mara moya, utawala wa komini hatujauona, na banataka tufungue artikle 220. Hapana.

Na juu ya komini. Tarehe 20 Desemba 2023, ku mashini ya kuvota, kulikuwa machaguo ine: prezida, depite wa taifa, depite wa provensi, na konseye wa komini. Ya konseye ilikuwa mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Kampeni yote tuliifanya juu ya prezida. Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ao Félix, Félix ao Katumbi, mu mabisi, ku soko, nyuma ya misa, na kiisha Félix akatangazwa na kama 73% na Katumbi 18%. Bengine, benzangu ba masomo hasa, balimupenda Daktari Mukwege, ule mwenye alipata Nobel, juu ya usafi wake, na hakufika ata 1%, juu kumupenda tulimupenda ku telefone na hakuna mutu alitembea avenyu kwa avenyu juu yake. Na ku mashini, pa konseye, nimeuliza bengi: baligusa tu sura yenye ilikuwa karibu, ili bamalize, juu nyuma foleni ilikuwa ndefu. Pale pale penye ile 15% inaangukia. Mutu mwenye anapaswa kuuliza bujeti ya komini, tulimugusa bila kumuangalia.

Mudogo wangu hajakubali yote, anasema mi nafikiri padogo sana, na kama Kinshasa haibadiliki komini itabakia vile. Tunaendelea kubishana. Lakini kintu moya tumekubaliana, na hapa naomba musaada ya benye banasoma. Kama uko Rwashi, Annexe, Kipushi, Kambove, Fungurume, Kolwezi, fasi yote yenye iko na mine, na umeona hesabu ya redevansi ya komini ao sheferi yako imebandikwa ku ukuta, ao ulienda kuiomba bakakunyima, uniandikie: mwaka gani, kiasi gani, balikujibu nini, nani alikujibu kwa kazi yake na hapana kwa jina. Jina yako pia usiweke kama unaogopa. Mudogo wangu na benzake ba Kasapa batazipanga zote mu tablo moya, na tutaipeleka kwa bakonseye mbele bapige bujeti ya mwaka ingine.